Punda wa leo Msalato

Jamani leo nimeshinda mnada wa mifugo Msalato, hapa Dodoma, vumbi mpaka kwenye meno.

Nilikuwa na laki 5 na bajeti nimeipanga toka nyumbani. Laki 3 na nusu ni ya punda, inayobaki kibali cha kusafirisha, daktari wa mifugo, dawa ya minyoo na hela ya soda. Mkokoteni utasubiri tuvune alizeti, maana nilitaka mdogo nimfundishe mwenyewe na mdogo humbebeshi madumu ya maji, utamuua mgongo bure.

Muuzaji anakomaa eti punda wake ana miaka 4.

Akatokea babu mmoja wa Kigogo, wala hakuna aliyemuita, akamshika punda taya akamfunua mdomo pale pale, "mjukuu wangu chungulia humu". Meno mawili ya mbele katikati makubwa, yameota juzijuzi, ya pembeni bado ya utoto, madogo meupeee. "Huyu mitatu hajafika."

Muuzaji akabaki anacheka tu 😂 tukamalizana laki 3 na 20.

Sasa kurudi. Kufika kwenye lami kagoma! Masikio yote mbele, malori yanapiga honi, mimi navuta kamba yeye ananiangalia tu. Na hawa wakitunzwa wanafika hata miaka 30, yani tutazeeka wote na huyu mbishi.

Wenye punda Bahi na Chamwino, mnawazoesheaje lami? Na jina pia bado, leteni.