Leo Warrington wametembea

Ndugu zangu, leo nimelia barabarani, mchana kweupe.

Hapa Warrington, Uingereza, kila mwaka Juni inapoishia makanisa hutoka kuandamana mjini, siku ya Ijumaa. Wanaiita Walking Day, ipo tangu karne ya 19. Matarumbeta, bendera kubwa za makanisa, mabinti wadogo na magauni meupe.

Bendera zina riboni ndefu zinazoshuka, na watoto ndio wanaozishika. Kulikuwa na katoto, miaka minne hivi, kameizungushia riboni mkononi mara tatu isije ikaponyoka.

Bibi aliyekuwa kando yangu akatoka, akakawekea katoto kale sarafu kiganjani. Aliporudi akaniambia naye utotoni alipewa hivyo hivyo.

Hapo nikajikuta niko Moshi, Tanzania, utotoni.

Sikukuu ya Ekaristi, kanga zimetandikwa njiani, mimi na kikapu changu namwaga maua mbele ya padri. Mama pembeni ananinong'oneza: "Polepole mwanangu, yasiishe kabla hatujafika."

Mama hayupo tena. Leo nimemsikia kabisa.

Nani mwingine alimwaga maua? Parokia gani? Niambieni, nasoma zote usiku huu.