Dar es Salaam ya Mafundi: Nilikwenda Kutafuta Kitu cha Kutundika Ukutani

Tangu treni ya umeme ianze kazi mwaka 2024, safari ya Morogoro hadi Dar es Salaam imekuwa fupi mno, hakuna cha kuisimulia. Unakaa, unachungulia dirishani, Ruvu hiyo, Pugu hiyo, umefika. Kwa hiyo simulizi yangu inaanzia mjini.

Shida yangu ilikuwa ukuta. Nyumba tuliyohamia ina sebule yenye ukuta mmoja mrefu, mweupe, usio na dirisha, na mume wangu alikwisha kutangaza kwamba nisipouwahi ataweka televisheni kubwa pale. Nilitaka kazi ya mkono, ya fundi wa hapa hapa, kubwa ya kutosha mgeni aione akiwa bado anavua viatu. Niliamini Dar zitakuwepo tele, kazi yangu itakuwa kuchagua.

Nilifikia kwa shangazi, Sinza. Kabla hata sijamaliza chai akaniambia nianzie Mwenge, kule Vinyago, maana ndiko karibu.

Soko la vinyago la Mwenge liko kando ya barabara ya Sam Nujoma: safu za vibanda vilivyobanana, maduka yakiwa mbele, mafundi pembeni na nyuma. Unaanza kulisikia kabla hujaliona vizuri. Tezo zinagonga magogo, tupa zinakwaruza, mtu anapiga msasa huku redio inatangaza mpira. Kijana wa kibanda cha kwanza alinikaribisha kwa Kiingereza na bei akanitajia kwa dola. Nikamwambia, "Kaka, mimi natoka Morogoro." Akacheka, dola zikageuka shilingi, na hizo shilingi zikaanza kushuka kabla sijaomba kupunguziwa.

Niliyemfaidi zaidi pale ni mzee mmoja Mmakonde aliyekaa chini nyuma ya vibanda, miguu kainyoosha, gogo kalibana kwa nyayo zake mbili, tezo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vuta hicho kigoda."

Akaniacha nishike kipande cha mpingo ambacho hakijachongwa. Ni kizito kuliko macho yanavyokuambia; ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama. Nje kina ngozi nyeupe inayoelekea njano, ndani ndiyo kuna kiini cheusi, na hicho kiini ndicho kila mtu anachokitaka. Mpingo hukua polepole sana, miongo mingi hadi ufae kukatwa, na wachongaji si peke yao wanaouhitaji: viwanda vya ala za muziki huko Ulaya hutengeneza klarineti na obo kwa mti huu huu unaotoka Lindi, Kilwa na Tunduru. Wao wanataka mti ulionyooka usio na ufa. Mchongaji wa Kimakonde anaweza kufanya kazi na gogo lenye mafundo na mapindo, akalifuata linakoelekea. Mzee alinionyesha kinyago kimoja cha shetani, chenye jicho pembeni ya goti. "Pale palikuwa na tundu," akasema, kama vile hilo linaeleza kila kitu. Kwa kweli lilieleza.

Mtindo huo wa mashetani haukutoka kijijini kama maduka yanavyopenda kuwaambia wageni. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wengine wakaishia Dar, na hapa ndipo katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alipoanza kuchonga mashetani, yakapata soko. Yale magogo ya watu waliobebana, babu chini, wajukuu juu, ambayo leo tunayaita ujamaa, yanahusishwa na mchongaji Yakobo Sangwani, na yeye aliyaita dimoongo. Kwa hiyo sanaa tunayoionyesha kama ya kale imekomaa hapa hapa jijini, jirani na wanunuzi. Kinyago chenyewe cha ngoma, lipiko analovaa mchezaji kichwani, huchongwa kwa mti mwepesi, maana hakuna shingo ya kucheza ngoma usiku kucha na mpingo juu yake.

Nikamuuliza mzee kama ana kazi kubwa. Akanielekeza kwenye gogo la ujamaa lililonifika kifuani, limejaa vumbi. Liliagizwa, mwenyewe hakurudi. "Wageni wanapimiwa kilo uwanja wa ndege, mwanangu. Sasa mimi nichonge kubwa nimuuzie nani?"

Baada ya hapo nikaanza kuangalia soko lote kwa jicho hilo. Vifaru wa kutosha kiganjani. Bangili. Twiga wembamba wanaofungwa kwenye gazeti. Na vijiko vya saladi, vijiko vya saladi kila kibanda! Nimekula kachumbari tangu utoto na sijawahi kuona mtu akiipakua kwa vijiko viwili virefu vyenye simba kichwani. Sisemi vimetengenezwa vibaya, hapana, vingine vimekatwa kwa ustadi wa kutamanisha. Ila kipimo chake kimetoka kwenye sanduku la msafiri, na mimi sikuwa na sanduku, nilikuwa na ukuta.

Kabla sijaondoka mzee alinipa darasa la bure. Ukitaka kununua mpingo, pindua kinyago uangalie kitakoni, maana huko wavivu hawafiki. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu utakuachia weusi kwenye kidole ukiusugua, na ukiukwaruza kwa ukucha chini utaona umanjano. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, majirani zake wakiwa wanasikia, na hakuna aliyekasirika.

Kutoka Mwenge nikapanda bajaji hadi Oysterbay, barabara ya Haile Selassie, mahali panapoitwa Morogoro Stores. Nimetoka Morogoro kwenda Morogoro. Shangazi alikwisha kunitania. Hapa ndipo nyumbani kwa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akapita mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja Dar akafanya vibarua vya kila namna, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Turubai hakuwa nayo. Alitumia vipande vya hadibodi, kama futi mbili kwa mbili, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Picha zikauzwa nje ya maduka haya haya, kwa wageni waliokuwa wakiishi mtaa huu. Alifundisha ndugu na jamaa wachache. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku, wakimdhania mhalifu anayekimbia, akafa. Amechora kwa miaka kama minne tu, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Wanafunzi wake na wanafunzi wao ndio waliojiunga hadi kupata chama chao cha ushirika mwaka 1990.

Harufu ya tapentaini inakupokea mlangoni. Wachoraji wamekaa sakafuni na kwenye mabenchi, kila mmoja na vikopo vyake vya rangi, na hatua za kazi unaziona kwa kupita tu. Huyu anapaka ardhi ya picha, chungwa linafifia kuelekea njano. Ya pili imeegeshwa ikauke. Kwenye ya tatu mnyama ameshawekwa, mweusi mtupu, na mama mmoja anamtia vidoti kwa brashi nyembamba, moja moja, mkono hautetemeki. Rangi ya mafuta haitaki haraka: ukitia vidoti juu ya ardhi mbichi, vyote vinatambaa.

Watu wasomi hupenda kulalamika kwamba picha hizi zinafanana. Zinafanana, ndiyo. Lakini mshona kofia naye hurudia ua lile lile na hakuna anayemlaumu. Akirudia kwa miaka ishirini tunamwita bingwa. Kinachonichosha mimi ni uchaguzi wa vitu. Wanyama wakubwa wa mbugani, Wamasai wamesimama mstari, na Mlima Kilimanjaro nyuma ya kila kitu, hata nyuma ya samaki. Mchoraji anaishi jiji lenye feri, mama lishe, bodaboda na mafuriko ya Jangwani, halafu anachora twiga ambaye pengine hajawahi kumwona. Ukitafuta vizuri, chini ya rundo, utakuta wachache waliochora hospitali, harusi, mganga na wateja wake. Hizo ndizo nilizozitazama kwa muda mrefu zaidi.

Na karibu zote ni za kitambaa. Kinatandazwa, kinapigwa misumari kwenye fremu, kikichorwa kinabanduliwa na kuviringishwa. Nadhani mabadiliko ya wanunuzi ndiyo yaliyobadilisha ubao. Tingatinga mwenyewe aliwauzia watu wenye nyumba Oysterbay, na nyumba ina kuta, hadibodi haikumsumbua mtu. Mnunuzi alipokuwa mpita njia, picha nayo ikabidi ikunjike.

Nikamweleza kijana mmoja ninachotaka: chui mmoja, hadibodi nzima, futi nne kwa sita, mtindo wa zamani, bila mlima.

"Mlima siuongezei pesa, dada," akasema.

"Hata wa bure siutaki."

Alicheka mpaka wenzake wakageuka. Tukaelewana bei, nikaacha kianzio, akaandika namba yangu pembeni ya kikopo cha rangi kwa kalamu ya risasi. Sikupenda sana mahali alipoiandika.

Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kilichoko Mikocheni, nilipita kwa sababu mtoto wa shangazi aling'ang'ania. Kilianzishwa mwaka 2008 katika eneo la viwanda vidogo, na baadhi ya studio ni makontena ya meli yaliyotobolewa madirisha. Huko hakuna anayekuita "bosi" wala anayekushika mkono. Wasanii wanaendelea na kazi, ukiuliza wanajibu. Niliona sanamu za vyuma chakavu, picha za kuchapa, turubai kubwa za mambo ya mjini. Ukubwa ulikuwepo, bei nazo zilikuwa na ukubwa wake. Vijana wale wamepata kile ambacho George Lilanga, Mmakonde aliyeanza kwa kuchonga kisha akajulikana duniani kwa mashetani yake ya rangi, alikipata zamani kwenye kituo cha Nyumba ya Sanaa: mahali pa kufanyia kazi bila kufikiria mteja wa jioni hii. Ila sikukaa. Nilikuwa nimeanza kuwaza Kariakoo.

Maana swali la mzee wa Mwenge lilikuwa linanisumbua. Nimuuzie nani? Watu wa Dar wanapotaka kitu kizuri kilichotengenezwa kwa mkono wanakwenda wapi? Shangazi hana kinyago hata kimoja nyumbani kwake. Ana mikeka, ana kawa la kufunikia chakula lenye rangi nne, ana jiko la mkaa ambalo fundi alilitia nakshi ya nyota pembeni, na kanga zake haziingii kabatini zikaisha.

Gerezani, jirani na Kariakoo, ndiko nilikopata kelele iliyoishinda ya Mwenge. Mafundi bati. Nyundo juu ya chuma, wanaume wamechuchumaa kando ya barabara, na kila kitu ambacho jiko la Mswahili linahitaji kinatoka pale: majiko, makarai, vikaango vya chapati, masanduku ya chuma ya watoto wa bweni. Nilisimama kumtazama fundi akikunja ukingo wa karai. Hana rula. Anageuza, anagonga, anageuza, na mduara unakubali. Nikamuuliza kama na yeye ni msanii. Akaniangalia kwa huruma. "Wasanii wako kwenye televisheni, dada. Sogea kidogo, cheche hizo."

Mtaa wa Uhuru nilipita madukani kwa kanga, na nakiri kanga si kazi ya mkono, inatoka kiwandani, na nyingi siku hizi zinatoka nje ya nchi. Lakini kuwaangalia wanawake wakichagua doti ni sanaa ya peke yake. Wanaangalia mji na pindo, kisha wanasoma jina, na jina likiwa baya hata rangi iwe ya dhahabu inarudishwa. Dada mmoja alikataa doti nzuri ya zambarau kwa sababu, alisema, wifi yake angedhani inamhusu. Muuzaji akaikunja bila kubisha.

Mikeka niliikuta kwa mama mmoja wa Rufiji aliyekaa chini ya kibaraza, mizigo imemzunguka. Mkeka wa ukili husukwa kwanza kama utepe mrefu, mwanamke anaweza kuusuka huku anaongea, anachunga mtoto, anasubiri wali uive. Kisha utepe unashonwa ukingo kwa ukingo hadi upatikane upana unaotakiwa. Rangi huchemshwa pamoja na majani kabla ya kusuka. Alinifunulia mmoja wa zambarau na kijani ambao ulinifanya nisahau chui.

"Wa kulalia au wa kuswalia?" akauliza.

"Wa kutundika ukutani, mama."

Akauvuta mkeka upande wake kidogo. "Ukutani utashika vumbi na kukatika. Mkeka unataka watu."

"Basi nipunguzie, nitaukalia pia."

"Maongezi yapo. Lakini usinidanganye."

Tuliongea hadi bei ikatukubali wote wawili, akanifungia kwa kamba ya mnazi, akanionyesha jinsi ya kuubeba begani ili usiwachome watu macho ndani ya daladala. Ushauri ulisaidia hadi Sinza tu. Kwenye treni mlinzi alinisimamisha, akautazama, akauliza umetoka wapi na ni shilingi ngapi, kwa sababu mama yake anautafuta kama huo.

Chui bado hajaja. Kijana alinipigia juzi: masika yameanza, hewa ina unyevu, ardhi ya picha haijakauka na vidoti hathubutu kuvigusa. Halafu akaniuliza kama kweli, kwa pesa ile ile, hata kilima kidogo sikitaki.