Mita 600
Nimerudi nyumbani Nairobi jioni hii, bega linauma, vumbi mpaka kwenye nyusi, na moyo umejaa.

Tulitoka alfajiri, watu wanne, tukashika Mombasa Road hadi uwanja wa shabaha upande wa Athi River. Miezi yote hii nimekuwa nikipigia mita 100 tu; leo shabaha ilikuwa ya chuma, mita 600.

Risasi mbili za kwanza zilipotea. Upepo ulitoka kulia, na ndani ya darubini mazigazi yalikuwa yakicheza juu ya nyasi.

Rafiki yangu aliyelala kando akaniambia, "Achana na shabaha kwanza. Tazama nyasi, ngoja zitulie."

Nikangoja. Nikatoa pumzi nusu. Nikafyatua.

Kimya.

Kwa umbali ule risasi huchukua karibu sekunde nzima kufika, na mlio wa chuma karibu mbili kurudi. Sekunde tatu! Sijawahi kukaa kwenye kimya kirefu namna ile.

Kisha, kwa mbali sana: ting.

Nikabaki nimelala pale, shavu kwenye kitako cha bunduki, sitaki kuinuka. Mpaka sasa nausikia.

Nyinyi mnaopiga masafa marefu, upepo ukianza kugeukageuka mchana mnausomaje? Nifundisheni jamani.