Siku Moja Maishani Mwangu: Najaza Fomu za Pasipoti, Mwanga Kigoma

Mjini hapa kuna wanaoniita kishoka, yaani dalali wa njia za panya, na mimi siyo. Nina steshenari ndogo Mwanga, Kigoma mjini: kompyuta mbili, printa, skana, kitambaa cha bluu mpauko ukutani cha kupigia picha, na benchi nje. Kazi inayonilisha ni kuwajazia watu maombi ya pasipoti mtandaoni. Siuzi pasipoti. Sina "mtu wangu wa ndani", na sipokei hela ya kuharakisha jambo la mtu. Bei yangu ya kujaza, kuskani na kuchapa imebandikwa mlangoni, kila anayeingia anaisoma kabla hajakaa. Nimeandika Jumatatu yangu moja ilivyokwenda, ili anayetaka kujua kazi hii aijue.

Saa 12:00 asubuhi. Swala, chai, watoto shule, bodaboda kutoka Gungu.

Saa 1:30. Nafungua, nafagia, natia karatasi kwenye printa. Nawasha kompyuta mapema kwa sababu mtandao ukishaanza kulemewa, kupandisha picha moja tu kunaweza kula nusu saa. Chai ya pili naagiza kwa mama wa maandazi jirani.

Saa 2:00. Wa kwanza ni kijana aliyepata nafasi ya kusoma India. Kajipanga vizuri: namba ya NIDA, yaani ya Kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha baba, barua ya chuo. Dakika ishirini tumemaliza, namba ya malipo imetoka, analipa 20,000 za fomu kwa simu palepale. Zile 130,000 zinazobaki atalipa baadaye, jumla 150,000. Nikipata watu kama huyu siku nzima, kazi yangu inakuwa nyepesi kabisa.

Saa 2:40. Dereva wa lori anayepita Zambia kwenda Lubumbashi. Pasipoti yake inakaribia kuisha, kagundua wiki hii. Tangu hizi za kielektroniki zianze mwaka 2018, watu wanajua zinadumu miaka 10, halafu wanaiweka kabatini na kuisahau. Ninachomwambia kila mtu: nchi nyingi zinataka pasipoti yako iwe na angalau miezi 6 mbele, kwa hiyo hesabu ya miaka 10 usiifikishe mwisho. Na kuomba upya si kugonga muhuri. Fomu inajazwa tena, picha mpya, alama za vidole tena, na ile ya zamani unaambatisha.

Saa 3:30. Mama na mtoto mchanga. Alidhani mtoto ataandikwa kwenye pasipoti yake yeye. Namweleza kwamba mtoto naye anaombewa ya kwake, kwa cheti chake cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi. Mume yuko Mpanda. Anaondoka kwenda kumpigia.

Saa 4:15. Anaingia kaka mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, na bahasha ya kaki kwapani. Anataka kwenda Guangzhou kufunga mzigo. Bujumbura anakujua, Kalemie anakujua, anavuka kwa hati za muda mfupi, lakini China ni lazima pasipoti. Anaweka bahasha mezani na kusema, "Dada, fanya haraka, nina mtu ananisubiri Kibirizi."

Nikaanza kupanga karatasi zake, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo. Kubofya vitufe mtu yeyote anaweza. Kitambulisho cha Taifa kinasema jina la babu ni Ruhanga, cheti cha kuzaliwa kinasema Luhanga. Baba kwenye kitambulisho ni Hamisi, kwenye cheti ni Khamis. Kwa mtu wa kawaida ni jina lilelile. Sisi Waha tunaishi na R na L miaka yote, na karani wa zamani aliandika alivyosikia. Lakini mfumo hausikii sauti, unalinganisha herufi. Fomu yenye Hamisi na kiambatisho chenye Khamis inarudi, na mwombaji anarudi nayo kwangu akiwa amekasirika, wakati dawa yake ni hati ya kiapo kwa wakili kabla ya kuanza.

Nikamwambia hivyo. Akavuta pumzi, akakubali shingo upande. Akaenda kwa wakili jirani, akarudi saa 5:20 na kiapo.

Tukafika sehemu ya wazazi. "Mama amezaliwa wapi?"

Kimya. Kisha: "Andika Manyovu." Manyovu ni mpakani, upande wetu wa Tanzania.

Nikatazama kiapo cha kuzaliwa cha mama yake kilichokuwa kwenye bahasha ileile. Kimeandikwa Burundi.

"Kaka, hapa pameandikwa Burundi."

"Najua. Wewe andika Manyovu. Nani atakwenda kuangalia?"

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya wasomaji wasio wa Kigoma. Mkoa wetu umepakana na Burundi kwa nchi kavu na Kongo kwa ziwa. Mpaka ulichorwa na wakoloni, ukapita katikati ya mashamba na koo. Watu wameoana pande zote mbili kabla ya pasipoti kuwepo. Wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na mwaka 2014 zaidi ya 162,000, wao na vizazi vyao, wakathibitishiwa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa. Baadaye yakaja mawimbi mengine, ndipo zikawepo kambi kama Nyarugusu na Nduta. Kwa hiyo mtu wa Kigoma, raia kwa baba na mama na babu, ukienda popote nchini ukasema unatoka mwisho wa reli, kuna mtu atakuuliza kama wewe ni Mrundi au Mkongo. Inauma. Mimi mwenyewe nimeulizwa kwenye daladala Dar es Salaam na mtu ambaye hata Uvinza hajafika. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya kaka mwenye mtaji wake na watoto wake aje kuficha alipozaliwa mama yake.

Nikamweleza taratibu. Baba yako ni raia, umezaliwa hapa, mzazi mmoja raia anatosha kukufanya raia wa kuzaliwa. Kuzaliwa kwa mama Burundi hakukuondolei kitu. Kitakachokuondolea ni uongo: chini ya sheria ya pasipoti ya mwaka 2002, kutoa taarifa za uongo ili upate pasipoti ni kosa la jinai, na kiapo cha mama kinachokukana unacho mkononi.

Akasimama. "Wewe ni nani? Wewe si Uhamiaji. Mimi nakulipa uandike, andika!" Watu wa benchini wakageuka. Akapunguza sauti, akainama mezani: "Haya sema. Unataka shilingi ngapi?"

Swali hilo ndilo linalonichosha kuliko kazi yenyewe. Nikamwambia, kaka, bei iko mlangoni, haibadiliki kwa uongo wala kwa ukweli. Uongo siandiki. Akachukua bahasha, akatoka mpaka barabarani, akasimama na simu yake sikioni.

Umeme ukakatika muda huohuo.

Dada mmoja wa pili kwenye foleni alikuwa amefika kwenye kupandisha picha, kila kitu kikapotea. Tukakaa gizani na joto. Nikawauliza waliobaki karatasi zao wakati tunasubiri, maana hilo halihitaji umeme. Mmoja alikuwa na barua ya mtendaji tu bila cheti cha kuzaliwa, nikamwelekeza akaanze RITA, wakala wanaotoa vyeti vya kuzaliwa. Mwingine kapoteza pasipoti, nikamwambia aanzie polisi apate taarifa ya upotevu, bila hiyo asipoteze nauli kwenda ofisi ya Uhamiaji. Umeme uliporudi mtandao nao ukawa haupandi. Ukurasa unazunguka, unazunguka, unakutoa nje. Unaingia tena, unaandika zile tarakimu 20 za NIDA tena, unazunguka tena. Macho yanauma, mgongo unauma, na mteja anakuangalia wewe.

Saa 8 na kitu kaka wa vitenge akarudi, safari hii na mzee wa kanzu na kofia. Nikasimama nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu." Ni kaka wa marehemu baba yake. Alikaa, akaomba maji, akasikiliza habari yote tangu mwanzo bila kukatiza. Kisha akamgeukia mwanawe na kumwambia kwa Kiha maneno mengi. Kifupi chake ni hiki: mama yako tulimtolea mahari, ametuzalia, tumemzika hapa kwa heshima. Kwao ni kwao. Huwezi kumhamisha kijiji akiwa kaburini kwa ajili ya safari ya kununua vitenge.

Kaka akanyamaza muda mrefu. Akanisogezea bahasha. "Andika Burundi, dada."

Nikaandika. Mzee akatoa mfukoni karatasi za marehemu mdogo wake alizozitunza kwenye nailoni: kadi ya zamani ya chama, risiti za kodi, cheti cha ubatizo cha shule ya misheni alikosomea kabla hajasilimu. Nikaskani zote. Nikamwambia kaka, siku ya kuhojiwa nenda na mzee huyu, na ukiulizwa kuhusu mama jibu kwa sentensi moja, usijitetee kabla hujatuhumiwa.

Chakula nilikula nadhani saa 9 na nusu, ugali na mgebuka uliokwisha kupoa, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine nikipokea kopi za watu.

Baada ya hapo saa sikuzitazama. Alikuja bibi kutoka Ujiji anayejiandaa kwenda Hijja. Fedha zake ameziweka kidogo kidogo kwa biashara ya mawese. Alama za vidole zinampa wasiwasi, kasikia wenzake vidole vyao havisomeki kwa sababu ya kazi za mikono. Nikamshauri apake mafuta usiku, akapumzishe mikono siku mbili, na akienda asione aibu kurudiwa. Picha yake tulipiga mara kadhaa mpaka uso ukaonekana wote bila kivuli cha mtandio. Aliniombea dua ndefu, na nikasahau uchovu wote.

Mtandao ulipokaa sawa jua lilikuwa limeshaelekea ziwani. Nikamaliza ya yule dada aliyepoteza kazi yake umeme ulipokatika, sikumtoza mara ya pili. Nikamaliza ya kaka. Namba ya malipo ikatoka, akalipa 20,000, nikamchapia fomu na kumpangia viambatisho kwa mpangilio ambao ofisa atavisoma. Ofisi ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo ataipeleka kesho. Alilipa bei ya mlangoni. Alipotaka kuongeza nilikataa, na mbele ya mzee wake alinielewa.

Kabla sijafunga nina kazi moja ya mwisho ambayo hakuna mteja anayeiona. Nafuta kwenye kompyuta kila kitambulisho, kila cheti na kila picha niliyoskani mchana. Karatasi zilizochapwa vibaya nazichana, sizitupi nzima. Karatasi za mtu ni za kwake, hata kama zimepita mezani kwangu.

Kesho saa 2 anakuja yule mama na ridhaa ya mume wa Mpanda, na kaka amesema ataniletea mdogo wake naye. Nimemwambia aje na vyeti halisi, kopi tutatoa hapa, na mahali alipozaliwa mama apataje palivyo.