Zifanye Siku Zetu Kuwa Mpya

Wapendwa katika Bwana, juma hili lote nimeamka moyo ukiwa mkavu, na kitu cha kwanza ambacho mkono wangu umekitafuta gizani, kabla hata sijalitaja jina la Bwana, ni simu iliyo chini ya mto. Ndipo nikaikumbuka Modeh Ani, sala fupi ambayo Wayahudi huisema wakiwa bado kitandani, wakimshukuru Mfalme aliye hai na adumuye kwa kuwarudishia roho zao, na kuimalizia kwa maneno ya Maombolezo 3:23, kwamba uaminifu wake ni mkuu. Kwa kuwa sala hiyo hailitaji jina takatifu la Mungu, huruhusiwa kusemwa hata kabla ya kunawa mikono, yaani shukrani hupokelewa kwa mtu akiwa vile vile alivyoamka.

Kitabu hicho hicho cha Maombolezo husomwa tarehe 9 ya mwezi wa Av katika kalenda ya Kiyahudi, siku ya kufunga, waumini wakiwa wameketi chini ndani ya sinagogi, wakililia Hekalu lililobomolewa na Wababeli na lile la pili lililoteketezwa na Warumi mwaka 70. Mstari wake wa mwisho ni mchungu, unazungumzia kukataliwa na hasira, wala hawakubali kuinuka na neno hilo midomoni, bali huurudia kwa sauti mstari wa 21 wa sura hiyo ya mwisho, ya 5: "Ee BWANA, utugeuze kwako, nasi tutageuka, zifanye siku zetu kuwa mpya kama siku za kale."

Tazameni kilichotangulia ombi hilo. Mlima Sayuni ni ukiwa, mbweha wanatembea juu yake, na papo hapo waombolezaji wanakiri kwamba Bwana anadumu milele na kiti chake cha enzi ni cha vizazi vyote. Ndugu zangu, sisi tumezoea kujigeuza wenyewe! Kila mkesha wa mwaka mpya tunaweka nadhiri kwa machozi, na kabla ya Pasaka tumekwisha kuchoka, kwa sababu tuliitegemea nguvu ya nadhiri zetu, nasi ni watu wa kuchakaa. Aliye mkavu asione haya kuomba ageuzwe, kwa kuwa anayeombwa hajachoka wala hajahama.

Jana alfajiri niliyatamka maneno hayo kabla sijanawa uso. Furaha ya zamani bado sijaionja, lakini nimeomba tena leo.