Majuzuu Matano Chini ya Pasi ya Mkaa

Tangu wiki iliyopita nimekuwa nikisoma majuzuu matano ya kwanza ya Judge Dredd, katuni ya askari-hakimu wa jiji la siku zijazo, ambayo binamu yangu baharia aliniachia alipopita Tanga. Nimeyaweka mbali na dirisha, kwa kuwa unyevu wa masika hapa Ngamiani hukunja karatasi kabla mtu hajafika ukurasa wa hamsini. La pili limekwisha kupinda jalada, nami nimeligandamiza kwa pasi ya mkaa ya marehemu bibi.

Hadithi hii ilianza Machi 1977 katika toleo la pili la 2000 AD, jarida la kila wiki la Uingereza, ikiwa kazi ya mwandishi John Wagner na mchoraji Mhispania Carlos Ezquerra, na majuzuu haya yanayofuata mpangilio wa tarehe yakaanza kutolewa 2005. Nilidhani kuisoma kwa mkupuo kungekuwa raha tupu, lakini jioni ya kwanza nilichoka upesi. Kila baada ya kurasa tano au sita nilielezwa upya jiji ni lipi na hatari ni ipi, mambo niliyoyasoma dakika moja tu iliyopita. Kumbe maelezo yale aliandikiwa mtoto aliyesubiri siku saba, na pengine aliyekosa toleo lililotangulia. Mtoto huyo namjua vizuri, kwani nami nilikuwa nikiazima jarida la katuni la Sani lililokwisha kupita mikono kumi, nikamkuta mhusika wake Ndumilakuwili katikati ya mkasa ambao mwanzo wake ulikwisha kufungiwa karanga.

Basi sasa nasoma sehemu moja tu kila usiku. Katika hadithi hii mwaka wetu mmoja ni mwaka mmoja wa Dredd, ambaye mkasa wake wa kwanza ni wa 2099, na kwa hiyo huzeeka pamoja na wasomaji wake. Mimi namzeesha mwaka mzima kwa usiku 52, jambo ambalo naona si haki sana kwake.

Kinachonikera ni juzuu la pili. Safari ya 1978 ya kupeleka chanjo jiji jingine, Mega-City Two, kuvuka jangwa lililoharibiwa na vita vya nyuklia, ilikuwa na sehemu 25, lakini nne hazimo humu, kwa sababu zilikejeli nembo za kampuni za vyakula; zilirudi katika chapa nyingine ya 2016, baada ya sheria ya Uingereza kulegezwa. Aidha, kurasa mbili za katikati, ambazo jarida lilizichapa kwa rangi, humu zimekuwa kijivu chenye ukungu, na mimi hulazimika kuinamia taa ili nitofautishe moshi na ukuta.

Jana mama alilichukua juzuu la tano, akalifunua hapa na pale.

“Mwanangu, huyu bwana kofia haivui hata akila?”

Nilimjibu kwamba tangu mwanzo wachoraji wamekataa kutuonyesha uso wake. Aliendelea kufunua hadi penye vita, jiji likiungua ukurasa kwa ukurasa, akauliza watu wote wale wamekimbilia wapi. Nilimwomba alifunge na kulirudisha chini ya pasi, kwani kwa mwendo wangu nitafika huko baada ya miezi minane, kaskazi ikiwa imekwisha kuanza kuvuma.