Kabla hujailaumu dawa, andika saa

Saa saba usiku. Feni inazunguka, nyumba nzima imelala, na kijana wangu wa miaka 8 yuko ndani ya chandarua anafunga mafundo. Mafundo madogo madogo, moja baada ya jingine, upande wote wa ukutani umeshakuwa kama wavu wa dagaa. Nikamwambia baba lala basi, kesho shule, akanijibu bila hata kugeuka, "Mama, kichwa kinaongea."

Naandika hii kwa wazazi wenzangu wenye watoto wa ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kukaza akili, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza inbox, dada na wewe wako halali? Ndio, wangu alikuwa halali, na kwa miezi karibu minne nilikuwa nahangaika na kitu ambacho sicho.

Mtoto alijulikana ana ADHD mwaka jana, baada ya kuzunguka sana. Shule ya kwanza walisema ni mtukutu tu, akachapwa weee, mpaka tulipofika kwa daktari wa afya ya akili ya watoto ndo tukakaa chini tukaelezwa vizuri. Akaanzishiwa methylphenidate, wengi mnaijua kwa jina la Ritalin, vidonge vya kawaida vya miligramu 10, akaanza na nusu asubuhi na nusu baadaye. Jamani, ndani ya wiki mbili mwalimu alinipigia simu kuniambia leo amemaliza hesabu zote bila kunyanyuka kwenye kiti, nilikuwa kwenye daladala nikalia pale pale watu wananitazama. Kwa hiyo mtu asiniambie hii dawa haifanyi kazi.

Ila usiku ukawa mgumu. Na chakula nacho, lanchi boksi likawa linarudi kama lilivyoondoka, wali umekauka juu, maharage hayajaguswa, labda ndizi imemegwa kidogo. Miezi mitatu akashuka kutoka kilo 24 mpaka 22 na nusu. Hapo ndo familia nzima ikakaa kikao. Shangazi zake wakasema dawa za kizungu zinamaliza mtoto, baba yake akanyamaza, na mimi kwa uoga nikaacha kumpa, sikumwambia daktari. Siku tisa.

Na siku ya tisa bila kidonge hata kimoja, saa sita na nusu usiku, mtoto yuko macho makavu anahesabu panga za feni.

Hapo nikajua kuna kitu sijaelewa. Nikarudi kliniki kichwa chini nikasema ukweli wote, daktari hakunigombeza, aliniuliza swali moja tu: kabla ya dawa, mama, alikuwa analala saa ngapi? Nikajikuta sina jibu. Nilipofikiria sana nikakumbuka huyu mtoto tangu ana miaka mitatu alikuwa wa mwisho kulala nyumba nzima. Akanielewesha kwamba watoto wengi wenye ADHD wana shida ya usingizi hata wale ambao hawajawahi kumeza dawa yoyote, saa ya mwili wao inachelewa, ile homoni ya usingizi inayotoka kwenye ubongo giza likiingia, melatonini, kwao inachelewa kupanda. Halafu dawa inaweza kuongezea juu yake, au isiongeze, na huwezi kujua mpaka uandike. Akaniambia nunua daftari, wiki mbili, andika saa. Saa ya dawa, saa ya kula na amekula nini, saa ya kupanda kitandani, saa aliyopitiwa na usingizi, ameamka mara ngapi, anakoroma au hakoromi. Na dawa nirudishe.

Hilo daftari ndo limetuokoa, sisemi kwa kukuza.

Kitu cha kwanza kilichoonekana ni ile nusu ya pili. Vile vidonge vya kawaida vinafanya kazi kama saa tatu mpaka nne hivi (kuna vya kuachia dawa polepole vinavyokaa mchana kutwa, sisi hatutumii hivyo). Sasa shuleni walikuwa hawataki kushika dawa ya mtoto, kwa hiyo sisi tukawa tunampa akirudi, saa kumi na moja jioni, tukiona inamsaidia na homework. Piga hesabu mwenyewe. Saa tatu usiku ambayo nataka alale ndo kwanza dawa inamalizikia mwilini, na ilikuwa imemkata hamu ya kula usiku pia, kwa hiyo anapanda kitandani na njaa. Daktari akaandika barua ya shule, ikapokelewa, matroni akakubali kumpa saa sita mchana baada ya kula. Na ya asubuhi ikawa anameza baada ya uji, siyo kabla. Uji wa lishe wenye karanga na maziwa, bakuli zima, halafu kidonge. Mchana simlazimishi tena, akila vijiko vitatu sawa, ila saa moja na nusu usiku dawa imeshatoka na njaa inarudi yenyewe, hapo ndo napika chakula chenyewe, kama ni samaki wa nazi ndo hapo. Kilo zimeanza kurudi taratibu, na urefu tunapima kwenye fremu ya mlango kwa penseli maana hizi dawa zinaweza kupunguza kidogo kasi ya kukua, kliniki nao wanampima urefu, uzito, presha na mapigo ya moyo kila tunapoenda. Kama kliniki yako hawapimi, omba. Wala usione aibu.

Kitu cha pili ni chai. Hapa lazima nimshukuru mama mkwe. Alikuja kutoka Tanga kutuona, na yeye ndiye aliyekuwa anasoma daftari usiku na miwani yake, akaniita, "Mwanangu, njoo. Hii chai ya rangi ya usiku kila siku ipo. Mimi nikinywa chai usiku silali, mtoto ndo atalala?" Nikasema shikamoo mama kwa mara ya pili siku hiyo. Chai ya rangi, vikombe viwili, na mkate, saa mbili usiku, kwetu ni mazoea tu tangu utotoni, nani anaiona chai kama kitu? Lakini ina kafeini. Na nilipomtajia daktari akauliza kuhusu miguu, je anarusharusha miguu akilala, anasema inatambaatambaa? Nikashangaa amejuaje, maana usiku alikuwa ananiomba nimkalie miguu. Akapimwa damu, akiba ya madini ya chuma ikakutwa iko chini, na hiyo inaweza kuleta ile hali ya miguu kutotulia inayomwamsha mtu. Na chai, kumbe, ukiinywa pamoja na chakula inazuia chuma kufyonzwa mwilini. Kwa hiyo kikombe kimoja kilikuwa kinatuharibia sehemu mbili. Chai ya usiku imekufa nyumbani kwetu, wote, hata baba mtu anakunywa maziwa. Chuma alipewa na daktari kwa kipimo, tafadhali usiende kununua dawa ya damu tu dukani ukaanza kumpa, chuma ikizidi ni sumu kwa mtoto.

Halafu kuna Piriton. Najua wengi mnafanya na mimi nilifanya, duka la dawa la mtaani waliniambia mpe nusu atalala. Usiku wa kwanza alilala, wa pili alilala akaamka kama amelewa mpaka dereva wa basi akaniuliza mtoto anaumwa? Usiku wa tatu akachangamka mpaka saa nane, anaruka kitandani. Ni dawa ya mzio ile, kusinzia ni madhara yake tu, na kuna watoto inawageuka inawachangamsha. Niliacha.

Wifi yangu aliyeko Marekani alituma chupa ya melatonin za pipi laini, zile za ladha ya matunda. Kwa upendo kabisa. Sikumpa mpaka nilipouliza, na nashukuru, maana mwaka 2023 watafiti huko huko Marekani walipima aina 25 za hizo pipi wakakuta 22 kiasi kilichomo hakilingani na kilichoandikwa kwenye lebo, kuna iliyokuwa na mara tatu na zaidi, na moja haikuwa na melatonin hata chembe. Baadaye daktari mwenyewe alimpa melatonin ya vidonge, kiasi kidogo, lisaa hivi kabla ya kulala, tulipokuwa tumesharekebisha mengine yote. Imesaidia. Lakini nina hakika ingekuwa ndo tumeanza nayo, na chai ile na dawa ya saa kumi na moja, tungesema nayo haifanyi kazi.

Jingine linaloumiza wengi hapa Dar ni basi la shule. Kwetu lilikuwa linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtoto wa umri huu anahitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi, sasa aliyelala saa sita akaamshwa saa kumi na moja amelala saa ngapi? Na asiyelala vizuri anakosa utulivu, anasahau, anakurupuka, yaani unaona ADHD imezidi na unakimbilia kuongeza dozi. Sisi tuliamua baba yake ampeleke na pikipiki, anaamka saa kumi na mbili. Siyo wote wanaweza, naelewa, ila hata kumuomba kondakta awe wa mwisho kuchukuliwa inaweza kukupa nusu saa.

Ile saa kumi jioni nayo, nisiisahau. Anashuka kwenye gari, kamba ya begi imenasa mlangoni, analia kilio cha msiba. Kila siku. Nilidhani shuleni wanamwonea. Daftari likaonyesha ni saa ile ile, ndo dawa ya mchana inaisha, na mtoto anakuwa mwepesi wa kulia kuliko hata akiwa hana dawa. Sasa nampokea na maji na kipande cha muhogo, simuulizi kitu kwa nusu saa, tunakaa tu barazani. Inapita.

Mengine ni ya kawaida, TV inazimwa saa mbili, anaoga maji ya baridi kwa ajili ya joto, taa ya sebuleni nimeweka ile ya mwanga wa njano. Bibi yake alikuwa anamkanda nyayo na mafuta ya nazi huku anamhadithia habari za sungura na fisi, sasa kazi hiyo nimeirithi mimi. Alitaka pia mtoto akasomewe dua, tulienda, na kidonge aliendelea nacho.

Mtoto wako akiwa anakoroma kila usiku mwambie daktari mapema. Mama mmoja kwenye grupu letu, mwanae alikuwa na nyama za pua, hewa ilikuwa haipiti akilala, alipofanyiwa upasuaji usiku ukatulia na mchana ukapungua utukutu. Mwingine mwanae anatumia atomoxetine, dawa nyingine ya ADHD, ikawa inamsinzisha darasani, wakahamishia jioni. Na kama wako amepewa clonidine ya kumsaidia kulala usije ukafanya nilichofanya mimi cha kukata ghafla kimya kimya, ile presha inaweza kupanda juu sana.

Jana daftari linasema amepanda kitandani saa mbili na dakika 40, amelala saa tatu na dakika 10, hajaamka. Juzi ilikuwa saa nne na nusu na sijui kwa nini. Alhamisi tuna kliniki, nimeandika swali ukurasa wa mwisho: likizo ya Desemba dawa tuipumzishe au tuendelee, maana nataka ale pilau ya bibi yake.